Jigi ya matundu ya mshazari: inafaa wapi, inashindwa wapi

Kwa mwenye drili, msumeno na klampu moja tu, jigi hii ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuunga fremu. Ni kifaa kinachoongoza keekee itoboe ubao kwa mshazari wa nyuzi 15, na skrubu inayopita kwenye tundu hilo inazibana mbao wakati gundi inakauka.

Ubao wa milimita 19 unataka skrubu ya milimita 32. Ukiweka ndefu zaidi, ncha itatokeza upande wa pili. Mbao laini zipewe skrubu za meno mapana. Ngumu, meno membamba, la sivyo ubao utapasuka. Toboa kwenye kichwa cha ubao, yaani mwisho wake uliokatwa, ili skrubu iingie ubavuni mwa ubao mwingine. Ukigeuza, skrubu itapita sambamba na nyuzi za mbao na haitashika vizuri.

Kasoro yake kubwa ni kuteleza: skrubu inasukuma kwa mshazari, hivyo ubao husogea kidogo kabla haujakaza. Klampu ibane kiungo chenyewe, si pembeni yake. Na kama msumeno haukukata kichwa kwa pembe mraba, jigi haitakuokoa.

Kabati, rafu, fremu ya meza: sawa kabisa. Kiti, hapana. Mtu akiegemea, miguu huyumba na matundu hulegea polepole. Hapo afadhali patasi, ukachonga ulimi wa kuingia kwenye tundu la ubao mwingine, wenye unene wa theluthi moja ya ubao, hata kama itakula siku nzima.

Matundu yanabaki wazi, yaelekeze ndani.