Miezi mitatu na Aspire One ya 2008: Puppy, Haiku na antiX

Nilichokuwa nakitaka ni kibodi, si kompyuta. Simu inanimalizia kila kitu isipokuwa kuandika kurasa tano mfululizo, na laptopu ya nyumbani kila nikiigeukia nakuta mtu keshaikalia. Siku moja Kariakoo, kwenye meza ya vitu vya mtumba, nikaona Acer Aspire One nyeupe, ndogo kuliko kauntabuku, imebanwa kati ya redio ya gari na rundo la rimoti. Muuzaji akaniona nilivyoishika. "Kaka, hiyo inawaka vizuri tu, ila mambo ya spidi usiniulize." Tukamalizana kwa elfu hamsini, chaja juu.

Tangu siku hiyo nimeshapitisha humo ndani mifumo endeshi kadhaa, nimeifungua kwa bisibisi mara mbili, na nimechoma bando ambalo kwa hesabu za mke wangu lingeshanunua netibuku (laptopu ndogo ya aina hii) ya pili.

Mashine yenyewe kwanza. Netibuku zilianza kuvuma mwishoni mwa 2007, Asus walipotoa Eee PC 701 yenye skrini ya inchi 7 na hifadhi ya GB 4, ikiwa na Linux, mfumo endeshi wa bure, tangu kiwandani. Acer wakafuata na Aspire One mwaka 2008. Yangu ni A150: prosesa ya Intel Atom N270 ya GHz 1.6, RAM GB 1, diski ya GB 160, skrini ya inchi 8.9 yenye nukta 1024 kwa 600. Kibodi ndiyo iliyonishawishi. Vitufe ni vidogo lakini vinabonyea vizuri, na baada ya siku mbili vidole vinazoea. Tachipedi ndiyo kituko. Chini yake hapakubaki nafasi, kwa hiyo kitufe cha kushoto kimebandikwa ubavuni kushoto na cha kulia ubavuni kulia, kama masikio. Hadi leo nikiwa na haraka kidole gumba kinajikuta kinabonyeza plastiki tupu.

Ilikuja na Windows XP. Nikaichezea usiku mmoja kukumbuka enzi za intaneti kafe. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na ukiingia nayo mtandaoni leo, tovuti nyingi zinakufungia mlango kabla hujapiga hodi. Nikaifuta bila kuchungulia picha za watu zilizokuwemo.

Halafu nikafanya kosa la kitoto. Nilipakua Linux moja maarufu, zaidi ya GB 2, kwa bando la usiku, nikaiweka kwenye flashi, nikawasha, nikabonyeza F12 nikachagua flashi. Ukaja mstari mmoja mweupe kwenye kioo cheusi: kerneli hii (moyo wa mfumo) inataka prosesa ya x86-64, iliyopo hapa ni i686. Basi. N270 ni ya biti 32, kizazi cha zamani kisichoendesha mifumo ya biti 64, na haibembelezeki. Nilikuwa nalijua hilo, ila jina la faili sikulisoma mpaka mwisho. Ukipewa netibuku, kabla ya yote tazama namba ya Atom yake. N270 na N280 ni biti 32. Ukikuta N450 ina biti 64, na una mengi zaidi ya kuchagua. Sisi wa N270 milango inazidi kufungwa. Kati ya Linux kubwa, Ubuntu waliacha kutoa faili la biti 32 la kompyuta za kawaida tangu toleo la 17.10, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. ChromeOS Flex ya Google ndiyo kabisa, haikutaki.

Kuna jambo moja lililonifurahisha lakini. Mwaka 2018, habari za Meltdown na Spectre, mianya ya usalama ndani ya prosesa, zilipotoka na watu wakawa wanaweka viraka kwenye kompyuta za bei mbaya, hizi Atom za mwanzo zilikuwa zimekaa salama. Zenyewe hazina akili ya kubahatisha amri zinazokuja mbele. Zinatekeleza moja baada ya nyingine kama watu kwenye foleni ya maji. Uzito wao wa kichwa ukawakinga.

Nikaanza na Puppy, Linux ndogo ya mashine za zamani, ile inayoitwa BionicPup32. Faili ni dogo, lilishuka kabla chai haijapoa. Inajipakia yote kwenye RAM, na ikimaliza kuwaka inabweka. Sikutanii, spika zinatoa sauti ya mbwa. Mpwa wangu wa kidato cha pili, aliyekuwa kwetu likizo, akachungulia mlangoni: "Mjomba, umefuga mbwa humo?" Kwa wepesi sijaona mfano: unagusa menyu, imeshafunguka. Nikashinda jioni nzima naipamba, waifai, printa, rangi, barua ndefu nikaiandika. Saa tatu usiku umeme ukakatika. Betri ya mashine hii imeshachoka, inakaa dakika nne, na zile dakika nne nilizitumia kutafuta tochi. Sasa Puppy, ukiiwasha kwa mara ya kwanza, kazi yako yote inaelea kwenye RAM mpaka utakapoizima; hapo ndipo inakuuliza ikutunzie wapi. Mimi nilikuwa sijawahi kuizima. Barua ikaenda, printa ikaenda, rangi zikaenda. Ni uzembe wangu, maelezo yapo. Lakini kwa nyumba ambayo umeme unaondoka bila kuaga, mfumo unaongoja kuzimwa kwa heshima sikuweza kuurudia. Jingine ambalo sikulipenda: muda wote unafanya kazi kama rooti, mwenye ruhusa ya kila kitu, na mtoto wa watu ndiye anayebonyeza.

Haiku ndiyo niliyoipenda kwa moyo. Hii si Linux. Ni ya watu waliokataa kuuacha mfumo wa zamani wa BeOS ufe: kampuni ya Be iliuzwa kwa Palm mwaka 2001, na mwaka huohuo wapenzi wake wakaanza kuijenga upya kutoka chini. Toleo la beta 5 la Septemba 2024 bado lina biti 32, na RAM wanayoomba ni MB 384, maombi ambayo siku hizi yanasikika kama utani. Unapoiwasha kuna safu ya picha ndogo zinazowaka moja baada ya nyingine, na kabla hujavuta kiti uko ndani. Madirisha yana kichwa kifupi cha njano, kama lebo ya faili la ofisini. Ukishika kitufe cha Windows ukaburuta lebo ya dirisha moja juu ya lingine, yanashikana, yanatembea pamoja. Nilikaa nayo hiyo kazi moja karibu saa nzima, nashikanisha na kubandua, bila sababu. Waifai ya Atheros ikakubali bila kuombwa.

Shida ni brauza. Yake, WebPositive, inafungua kurasa nyepesi vizuri, ila nikiingia kwenye barua pepe inajifunga yenyewe bila salamu. Na ukifunika kioo mashine hailali. Haiku bado haina uwezo huo. Inabidi uzime kila mara. Nikaiacha kwenye flashi yake, na siku nikichoka na dunia naichomeka.

Kabla ya kwenda mbele nikaamua kuongeza RAM. Fundi mmoja aliniambia hii haiongezeki kabisa, akanishauri ninunue nyingine, na nyingine alikuwa nayo yeye. Inaongezeka, ila Acer waliificha kama mtu aliyeficha hela kwenye godoro. MB 512 zimechomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani), na nafasi ya pili ipo upande wa chini wa mazabodi hiyohiyo. Maana yake unatoa skrubu zilizo chini ya raba za miguu, unatoa kibodi kwa kubana vile vimeno vya juu na kuchomoa mkanda wake mwembamba kama utepe, unatoa mfuniko, unanyanyua mazabodi nzima, unaigeuza. Nilitandaza shuka jeupe mezani na kupanga skrubu kwa mistari, kila hatua na mstari wake. Kijiti cha GB 1 cha DDR2 nilikipata kwenye laptopu iliyokufa ya jirani. Jumla ikawa GB 1.5, na hapo ndipo mwisho wake, usidanganywe. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kimeshafunguliwa, nikaweka na SSD ya GB 120. Mara ya kwanza nilifunga yote vizuri, nikawasha, kibodi haikuandika hata herufi: mkanda haukuingia mpaka mwisho. Ndiyo maana nikasema niliifungua mara mbili.

Baada ya hapo ikaja antiX 23, na hii ndiyo iliyobaki. Ni Linux iliyojengwa juu ya Debian 12, haina systemd (programu ya kuwasha na kusimamia huduma za mfumo), na madirisha yake yanasimamiwa na IceWM. Sura yake ni ya kizamani, sitaficha. Menyu imejaa vitu mpaka unapotea, na kuna njia tatu za kufanya jambo lilelile. Lakini ikiwa imetulia, bila kufungua chochote, inakula RAM kama MB 160, na ghala zima la programu za Debian liko wazi: unaandika apt, kitu kinakuja. Nikaweka LibreOffice na kuigeuza iwe ya Kiswahili. Wakongwe watakumbuka Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Niliwahi kuiona kwenye maabara moja ya kompyuta, na sikutegemea kwamba miaka zaidi ya ishirini baadaye nitakuwa nabonyeza "Hifadhi" kwenye mashine ya umri karibu sawa na ule.

Siku ya pili apt ikagoma. Ikadai kwamba faili za ghala bado hazijaanza kutumika, yaani zimetoka siku zijazo. Na Firefox ikakataa kila tovuti, vyeti si halali. Nilihangaika na waifai nusu saa kabla sijatazama pembeni chini: tarehe ilikuwa ya 2008. Betri ndogo ya saa kwenye mazabodi imekufa, kwa hiyo ukichomoa chaja mashine inarudi kuwa mpya. Kuifungua tena sikuwa na moyo. Sasa nimeweka programu ya kuchukua saa mtandaoni kila inapowaka, na pasipo mtandao naandika amri ya date kwa mkono.

Nikueleze ukweli kuhusu intaneti, maana ndiyo kila mtu anauliza. Mfumo hauna lawama, kurasa ndizo zimenenepa. Firefox na ukurasa mmoja, sawa. Ukifungua wa tatu, taa ya diski haizimiki. WhatsApp kwenye brauza ilichukua kama dakika mbili kufunguka, nikaiacha, simu ipo. YouTube ndani ya brauza ni mateso, ila ukichukua kiungo ukakipeleka kwenye mpv, programu ya kuchezea video, kwa ubora wa 360, inatembea bila kukwama. Kuandika, kusoma PDF, kusikiliza muziki, kujifunza Python kwenye kidirisha cheusi: hivyo vyote inabeba, na feni haisikiki.

Kilichobaki kunikera ni zile nukta 600 za kimo cha skrini. Madirisha mengi ya mipangilio yametengenezwa kwa skrini ndefu, kwa hiyo kitufe cha "Sawa" kinazama chini ya kioo na hukioni. Mpwa wangu alikaa akibofya hewani siku nzima kabla hajaja kuniuliza. Dawa yake ni kushika Alt na kuburuta dirisha popote lilipo, linapanda juu ya ukingo. Nilipomwonyesha aliangalia kidogo, akaivuta mashine upande wake.

Kesho yake nikaanza kuandika kwenye laptopu kubwa, kwa mara ya kwanza ikiwa haina mtu. Ndogo ilikuwa sebuleni. "Mjomba," akaniambia, "leo naomba nimalizie na hii yenye masikio."