The Bill: Uhalisia Unaokaa Kaunta

Mtazamaji wa Dar es Salaam aliyezoea tamthilia ambamo mpelelezi mmoja hodari humnasa muuaji kabla kipindi hakijaisha, huenda akaichoka The Bill, tamthilia ya polisi ya Uingereza, katika dakika kumi za kwanza. Hakuna muziki wa kumtayarisha ashtuke, bastola ni nadra, na mara nyingi hakuna hata maiti. Kuna sajenti aliyesimama nyuma ya kaunta akimwuliza mlevi jina lake kwa mara ya tatu, akiandika, akimwamuru avue mkanda na aache kamba za viatu, huku konstebo aliyemleta akitupia jicho saa ya ukutani kwa sababu zamu yake imekwisha. Kwa maoni yangu thamani ya tamthilia hii iko hapo hapo kaunta, na ndiyo sababu ninaipendekeza kwa yeyote anayetaka kujua kazi ya polisi ilivyo hasa, hata kama ameshazoea tamthilia mpya zenye picha safi na magari ya kifahari.

Ilirushwa na ITV ya Uingereza, ambayo imegongana majina tu na ITV yetu ya Mikocheni. Ilianza kama mchezo mmoja wa televisheni uitwao Woodentop, ulioandikwa na Geoff McQueen na kuonyeshwa Agosti 16, 1983. Mfululizo wenyewe ulianza Oktoba 16, 1984 na kuendelea hadi Agosti 31, 2010, ukiwa umefikisha vipindi zaidi ya 2,400, vyote vikizunguka kituo kimoja cha kubuni kiitwacho Sun Hill, mashariki mwa London. Katika Woodentop, konstebo kijana Jim Carver anaripoti kazini kwa mara ya kwanza, anakabidhiwa kwa June Ackland amzoeze mitaa, kisha anajiingiza matatani kwa kumzaba kijana mmoja kibao. Ni jambo dogo, lakini uzito linaopewa unamwarifu mtazamaji mapema kwamba hapa kibao kimoja cha askari kinahesabika.

Waingereza walikuwa na tamthilia za polisi muda mrefu kabla ya hapo. Dixon of Dock Green ya BBC, iliyodumu kuanzia mwaka 1955 hadi 1976, ilimweka Jack Warner katika sare ya konstebo mpole anayewaamkia watazamaji kama jirani. Z-Cars, iliyoanza Januari 2, 1962, iliivunja picha hiyo kwa kuonyesha askari wa doria wenye hasira na udhaifu, akiwamo mmoja aliyempiga mkewe, hadi mkuu wa polisi wa Lancashire akaja juu. Z-Cars ilithibitisha kwamba askari ni binadamu. The Bill ilifanya jambo ambalo naliona gumu zaidi, nalo ni kuonyesha kwamba askari ni mwajiriwa mwenye fomu za kujaza, mkubwa wa kumridhisha, na sheria mpya ambayo bado hajaielewa vizuri.

Sheria hiyo ni Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, iliyoanza kutumika Januari 1986, wakati tamthilia ikiwa bado changa. Iliweka katika kila kituo chenye mahabusu ofisa mmoja, kwa kawaida sajenti, ambaye wajibu wake ni hali na haki za mtu aliyekamatwa, na ambaye haruhusiwi kushiriki katika upelelezi wa kesi ya mtu huyo. Mtuhumiwa ana haki ya wakili. Anaweza kushikiliwa kwa saa 24 bila kufunguliwa mashtaka. Kwa makosa makubwa mrakibu wa polisi anaweza kuongeza hadi saa 36, na baada ya hapo ni mahakama pekee iwezayo kuongeza, mwisho kabisa saa 96. Ukisoma vifungu hivyo kwenye karatasi utasinzia. Ukivitazama Sun Hill utaona vimegeuka kuwa mgogoro: mpelelezi ana uhakika na mtu wake, saa zinayoyoma, wakili amekwisha kufika, na anayemzuia mpelelezi huyo si jambazi bali mwenzake wa kituo kimoja, mwenye cheo cha chini kuliko yeye, aliyeshika kalamu na daftari la mahabusu. Uhasama wa sajenti Bob Cryer na mkaguzi Roy Galloway katika miaka ya mwanzo umejengwa juu ya msingi huo, na Eric Richard anamwigiza Cryer kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba sauti ya juu haitabadilisha kilichokwisha kuandikwa.

Baadaye zikaja kaseti. Mahojiano yakaanza kurekodiwa, na tamthilia haikukwepa uchovu wa utaratibu huo: mashine inawashwa, kila aliyemo chumbani anataja jina lake, saa inatajwa, mtuhumiwa anakumbushwa kwamba ana haki ya kukaa kimya. Mwandishi mvivu angekata yote hayo na kuingia moja kwa moja kwenye swali kali. Hapa yameachwa, nayo yanafanya kazi yake, kwa sababu wakati wa taratibu hizo mtuhumiwa anapata nafasi ya kupumua na kupanga uongo, na mtazamaji anamwona akiupanga.

Namna ya kupiga picha inasaidia sana. Badala ya mandhari za studio zisizo na ukuta upande mmoja, watengenezaji walitumia majengo halisi, kwanza Wapping, kisha North Kensington, na kuanzia mwaka 1990 jengo la Merton, kusini magharibi mwa London. Kwa hiyo kamera ya mkononi inaweza kumfuata konstebo kutoka uani, kupita mahabusu, kupanda ngazi hadi chumba cha wapelelezi, bila kukatwa, na baada ya vipindi vichache unaijua ramani ya kituo kama uijuavyo ofisi ya serikali ya mtaa wako. Muziki wa kusindikiza matukio haukuwapo kwa takriban robo karne. Kanuni nyingine, iliyoshikwa kwa miaka mingi, ilikuwa kwamba kamera haiendi mahali ambapo askari hayupo: hatuoni mwizi akipanga, hatuoni familia ikilia baada ya askari kuondoka. Tunafika tumechelewa, kama wao, na tunaondoka kabla ya mambo kueleweka.

Kuanzia Julai 1988 vipindi vilifupishwa kuwa vya nusu saa, mara mbili kwa wiki mwaka mzima, na mwaka 1993 vikawa vitatu. Hicho ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Nusu saa haitoshi kutatua kila kitu, na waandishi waliacha mengi bila kutatuliwa: shahidi anakataa kutoa maelezo, mali ya wizi haina wa kuidai, mlalamikaji anarudi jioni kusema wameelewana nyumbani na kesi ifutwe. Hilo la mwisho halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Manzese au Buza. Askari anafunga jalada, anakunywa chai iliyopoa, anatumwa kwingine.

Wahusika wanaishi kwa sababu hawaelezwi sana. Tosh Lines ni mpelelezi mnene mwenye koti lililokunjamana na familia kubwa ya kulisha. Reg Hollis ni konstebo mlalamishi anayewachosha wenzake, na kila ofisi ninayoijua ina mtu wa namna hiyo. Frank Burnside, aliyeigizwa na Christopher Ellison, ni mkaguzi wa upelelezi wa kizazi cha ubabe, na tamthilia haituambii wazi kama tumpende au tumwogope. June Ackland wa Trudie Goodwin ndiye anayenishangaza zaidi, kwani alikuwapo tangu Woodentop na alibaki hadi mwaka 2007, na usoni mwake unaisoma miaka ya mwanamke aliyepewa kazi za watoto waliopotea na wake waliopigwa kwa sababu tu ni mwanamke. Hapa kwetu kazi hizo zimewekewa Dawati la Jinsia na Watoto, na sidhani kuna ofisa wa dawati hilo atakayeshindwa kumwelewa Ackland.

Hata hivyo uhalisia wa utaratibu si uhalisia wote, na hapa sifa zangu zina mpaka. Kanuni ya kumfuata askari peke yake ina gharama yake: mtu aliyekamatwa hana maisha nje ya macho ya aliyemkamata. London ya miaka hiyo ilikuwa imetoka katika ghasia za Brixton za mwaka 1981, ambazo ripoti ya Lord Scarman ilizihusisha kwa sehemu na jinsi polisi walivyokuwa wakiwasimamisha na kuwapekua vijana weusi. Mwaka 1993 kijana mweusi Stephen Lawrence aliuawa kwa ubaguzi wa rangi, na mwaka 1999 ripoti ya Macpherson kuhusu mauaji hayo ikatamka kwamba polisi wa London walikuwa na ubaguzi wa rangi wa kitaasisi. Sun Hill ilikuwa na askari weusi, akiwamo Malcolm Haynes aliyeigizwa na Eamonn Walker, na ubaguzi ulijitokeza katika hadithi kadhaa. Lakini kwa kawaida ulikuwa kasoro ya mtu mmoja mwenye mdomo mchafu, si tabia ya kituo. Mtazamaji mweusi ataliona hilo haraka. Tena vipindi vya nusu saa vilionyeshwa saa mbili usiku, watoto wakiwa macho, kwa hiyo majambazi wa mashariki mwa London wanatukana kwa adabu isiyoaminika.

Hadithi ya Don Beech, mpelelezi mla rushwa aliyeigizwa na Billy Murray, iliziba sehemu ya pengo hilo. Inakua polepole, upendeleo mdogo ukizaa mkubwa, hadi anapomuua mpelelezi mwenzake, John Boulton, na kukimbia. Ni rushwa jinsi inavyoanza kweli, kwa neno la kirafiki na bahasha ambayo hakuna aliyeiomba.

Baada ya hapo nashauri mtazamaji aende kwa hadhari. Mwaka 2002 kituo kilichomwa moto na askari sita wakafa kwa mkupuo, na tangu hapo The Bill ikageuka kuwa tamthilia ya mapenzi, visasi na siri za ndoa zilizovalishwa sare. Watazamaji wengi waliifurahia, sibishi, lakini sajenti wa kaunta hakuwa tena na nafasi. Jaribio la mwaka 2009 la kuirudisha kwenye uzito, mara moja kwa wiki, saa tatu usiku, muziki ukiwa umeongezwa kwa mara ya kwanza, liliifanya ifanane na tamthilia nyingine zote, na mwaka uliofuata ikafungwa.

Kwa mtazamaji wa hapa kuna faida nyingine, nayo ni kulinganisha. Aliyewahi kuripoti simu iliyoibwa kwenye daladala, akasubiri kwenye benchi na kuondoka na namba ya RB, atatambua kila kitu kilichopo upande wa umma wa kaunta ya Sun Hill: uvumilivu, aibu, na mashaka kama kuna atakayeifuatilia namba hiyo. Upande wa pili, sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai nayo inahesabu saa, ikianza na muda wa msingi wa saa 4 za kumhoji aliyekamatwa, na mawakili wetu hubishana mahakamani kuhusu maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda. Tamthilia ya Kitanzania itakayomweka sajenti wa zamu na saa yake katikati ya hadithi, badala ya difenda inayowasili dakika ya mwisho, ningeilipia.

Mambo ya kujiandaa nayo ni machache. Lafudhi ya mashariki mwa London ni nzito, hivyo tafuta nakala yenye maandishi chini ya picha. Picha za miaka ya 1980 na 1990 ni za mkanda wa video, za mraba na zenye ukungu, na kwenye televisheni kubwa ya sebuleni zinachosha macho. Kwenye simu zinapendeza zaidi na hazili bando sana. Anza na Woodentop, ruka hadi mwaka 1988, tazama vipindi vya nusu saa kwa mpangilio wowote unaotaka kwa kuwa vingi vinajitegemea, ila hadithi ya Beech uifuate kwa mfululizo hadi mwisho.