Wiki 8 na kocha wa viungo Uyole: uzoefu wangu baada ya kuchanika nyama za paja mara mbili

Ninacheza beki wa kulia katika timu ya mtaa hapa Mbeya, nina umri wa miaka 31, na katika msimu mmoja nilichanika nyama za nyuma ya paja la kushoto mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimegeuka kumkimbiza winga, nikahisi kama mtu amenipiga jiwe kwa nyuma, na mechi yangu ikaishia hapo. Baada ya kupona nililipa shilingi 80,000 kwa kocha wa viungo anayewafundisha wachezaji wa mchangani kwa wiki 8, siku tatu kila wiki, katika uwanja wa shule upande wa Uyole. Jina lake naliacha, lakini kazi yake nitaieleza yote, pamoja na pale alipokosea.

Zamani maandalizi yangu yalikuwa ya kupanda mbio alfajiri kwenye miinuko ya chini ya mlima Loleza, kilomita 8 au 10 kwa mwendo ule ule, nikiamini kwamba mwenye pumzi ndiye mwenye mwili ulio tayari. Siku ya kwanza kocha aliniuliza ni katika mechi gani nimewahi kukimbia kilomita 8 bila kusimama, nikakosa jibu. Akatueleza kwamba mchezaji asiye kipa anaweza kufikisha kilomita 10 au zaidi kwa dakika 90, lakini sehemu kubwa ya mwendo huo ni kutembea na kukimbia polepole, na zinazoamua mchezo ni mbio fupi za kasi zinazorudiwa tena na tena. Nyama za nyuma ya paja mara nyingi huchanika katika mbio hizo hizo, mguu unaporushwa mbele na misuli ikalazimika kuuzuia huku yenyewe ikivutika. Miaka yote hiyo mlima ulinipa pumzi, lakini kazi hiyo ya kuzuia sikuwa nimeifanyia mazoezi hata siku moja.

Kila kipindi kilianza kwa 11+, programu ya FIFA ya kupasha mwili yenye mazoezi 15 katika sehemu tatu, inayochukua dakika 20 hivi ikishazoeleka. Sehemu ya kwanza ni mbio za polepole zenye kufungua nyonga na kugusana mabega na mwenzako hewani. Ya pili ni nguvu, mizani na kuruka, nayo ina ngazi tatu za ugumu. Ya mwisho ni mbio za kasi na kubadili mwelekeo. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na katika kundi lililotumia programu hii majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Wale walikuwa wasichana wadogo wenye viwanja vizuri, nasi ni watu wazima tunaocheza penye mashimo, kwa hiyo sikutarajia kwamba matokeo yangekuwa yale yale. Hata hivyo, kocha alipochuchumaa mbele yangu nikitua kwa mguu mmoja, akanionyesha kwa kidole jinsi goti langu la kushoto lilivyokuwa linaingia ndani kila mara, niliona kosa ambalo hakuna kocha wa timu aliyewahi kuniambia.

Zoezi lililonigusa zaidi ni lile la nyama za paja liitwalo Nordic. Unapiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, kisha unajishusha mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukijizuia kwa nyama za nyuma ya paja hadi zishindwe, ndipo unajidaka kwa mikono. Hapa ndipo kocha alipokosea vibaya. Siku ya kwanza kabisa alitupa mara 10 kwa seti 3, ilhali programu yenyewe ya 11+ inamtaka anayeanza afanye mara 3 hadi 5 tu, seti moja. Kwa siku nne sikuweza kukaa kwenye kiti cha bajaji bila kujishikilia kwa mikono, na kati ya watu 11 tulioanza, wawili hawakurudi tena. Nilimfuata nikamweleza, akakubali na kupunguza, lakini wale wawili walikwishakata tamaa na fedha yao ilikwishapotea. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu mmoja wao alikuwa na tatizo kama langu, na zoezi hilo ndilo alilolihitaji kuliko sisi wote.

Katika upimaji sina lawama. Wiki ya kwanza na ya mwisho tulifanya jaribio la Yo-Yo, alilolibuni Jens Bangsbo wa Denmark: unakimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa kufuata mlio, unapumzika sekunde 10 kwa kuzunguka koni iliyo mita 5 nyuma yako, kisha unaanza tena, na mlio unazidi kuharakisha. Nilianza na mita 920 na kumaliza na 1,320. Kocha alituonya tusilinganishe namba zetu na za wachezaji wa Dar es Salaam, kwa kuwa Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi hupunguza uwezo wa mtu wa kurudia mbio. Kila mmoja ajilinganishe na alivyokuwa mwanzo.

Tulipofika Juni, baridi ikatufanya tusione haja ya kunywa maji. Kocha alileta mzani wa nyumbani, akauweka juu ya kipande cha ubao kwenye nyasi, akatupima kabla na baada ya mazoezi. Nilipungua kilo 1 nzima, yaani karibu lita 1 ya maji, na fulana yangu ilikuwa na unyevu mgongoni tu.

Upungufu mwingine ni mdogo: makipa hawakuwa na mazoezi yao, na siku za mvua hatukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Tangu nimalize imepita miezi mitano na nimecheza mechi 14 bila paja kunisumbua. Siwezi kuipa programu sifa yote, kwa kuwa pia niliacha kucheza mechi mbili ndani ya siku mbili kama nilivyozoea. Kwa bei ile ningelipa tena, ila anayetaka kujiunga amuulize kocha mapema siku ya kwanza itakuwa na Nordic ngapi, na akitajiwa zaidi ya 5, akatae. Mimi bado nalifanya zoezi hilo mara mbili kwa wiki barazani, mdogo wangu akinishika miguu. Mwezi Mei nilikuwa naanguka nikiwa bado nusu ya njia. Sasa kifua kinakaribia sakafu kabla mikono haijagusa chini.