Kabla Hujanunua Kamshafti ya Chevy 350, Geuza Tapeti Utazame Unyayo

Dakika kumi na nne. Nilikuwa nimeinamia Chevrolet Nova yangu ya 1972 kwenye gereji hapa Columbus, Ohio, jicho moja kwenye injini na jingine kwenye saa ya ukutani, kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Injini 350 (V8 ya Chevrolet ya inchi 350 za ujazo) niliyoifanyia ovaholi kwa Jumamosi za miezi saba ilikuwa inanguruma kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na mimi nilikuwa natabasamu peke yangu. Dakika ya kumi na tano ikaanza: tak, tak, tak, upande wa dereva. Nikajidanganya kwamba kuna tapeti, kile kichuma kinachoinuliwa na kamshafti ili valvu ifunguke, haijajaa oili. Nilipozima na kumwaga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ilitoka inametameta kama kucha za bibi harusi.

Ilikuwa ni kamshafti, ule mtaimbo wenye nundu zinazofungua valvu. Nundu ya valvu ya ekzosi ya silinda ya 5 haikuwa imechubuka, ilikuwa imekwisha, imeviringika kama bangili. Tapeti iliyokuwa ikiikalia ilikuwa na unyayo, yaani uso wake wa chini, uliochimbika katikati kama kinu. Na unga wa chuma uliotoka hapo ulikuwa umeshapita kwenye pampu ya oili na kuingia kwenye beringi zote, kwa hiyo kilichokufa si kamshafti ya dola 140 peke yake. Niliifungua injini nzima upya, na hesabu ilifika dola 900 na ushei kabla sijahesabu machozi.

Nilimpigia mjomba wangu, fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka thelathini, nikamweleza yote. Akauliza swali moja tu: "Ulizigeuza?" Sikuelewa. "Tapeti, mwanangu. Ukienda sokoni nyanya unazigeuza. Tapeti hukuzigeuza?"

Sikuzigeuza. Na tangu nilipoonyesha picha za ile nundu, nimepata ujumbe kutoka kwa watu wa Minneapolis, Houston, hata kaka mmoja wa Toronto mwenye Camaro, wote wana msiba uleule. Ndiyo maana naandika. Nguvu za farasi sitazizungumzia, wala pistoni zipi zinang'aa zaidi, wala kabureta. Hayo kila mtu anayasema. Nazungumzia vyuma kumi na sita vyenye ukubwa wa kidole gumba, ambavyo watu huvitia kwenye kikapu cha manunuzi bila kuvitazama mara mbili kwa sababu vimekuja "pamoja na kamshafti".

Nieleze kidogo, maana bila hili utanunua sura ya boksi. Chevy 350 ilitokea kwenye Camaro ya 1967, na mpaka katikati ya miaka ya 1980 zilitumia tapeti bapa: chuma cha kumiminwa kinachosugua moja kwa moja juu ya nundu za kamshafti. Neno "bapa" limepotosha wengi, mimi nikiwa wa kwanza. Unyayo wa tapeti hiyo si bapa. Umebinuka kidogo sana, katikati juu kuliko pembeni kwa takriban inchi 0.002, jicho haliwezi kuona. Nundu nayo imechongwa kwa mshazari kidogo. Mibinuko hiyo miwili ikikutana, tapeti inazunguka yenyewe kila inapoinuliwa, na kuzunguka huko ndiko kunakotandaza oili na kugawa mkwaruzo. Tapeti isiyozunguka inasuguliwa mahali palepale, mamia ya mara kila dakika. Haifiki hata mwisho wa ngwe ya kwanza, zile dakika ishirini hadi thelathini za kuizoesha injini mpya.

Zangu zilikuwa bapa kweli. Tatu kati ya kumi na sita zilikuwa hata zimebonyea ndani.

Kuzikagua ni kazi ya dakika kumi na haihitaji mashine. Chukua tapeti mbili mpya, zifute mafuta, zisimamishe unyayo kwa unyayo, kisha zinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa nzuri zitayumba kidogo kama mtu aliyesimama juu ya jiwe la mviringo, na utaona uzi wa mwanga pembeni kuzunguka. Zikikaa kimya zimebanana kama vifuniko vya sufuria, rudisha. Mwanga ukionekana katikati na giza pembeni, rudisha siku hiyohiyo. Au lalisha rula ya chuma iliyonyooka juu ya unyayo, utaona inapocheza. Kisha pima kila moja kwenye tundu lake ndani ya bloku, na oili kidogo: iteremke kwa uzito wake na izunguke kwa ncha ya kidole. Kipenyo ni inchi 0.842 kwa Chevy. Ford ni 0.875 na Chrysler ni 0.904, kwa hiyo usidanganywe na mtu anayesema "zinaingiliana".

Sasa tupange cha kununua, nikianza na ninachokipenda zaidi.

Ya kwanza kwangu, na nasema wazi kwamba nina upendeleo na hakuna aliyenilipa, ni kamshafti na tapeti za Howards kutoka Oshkosh, Wisconsin, zile tapeti zenye tundu dogo katikati ya unyayo linalopitisha oili moja kwa moja kwenye nundu. Hilo tundu ndilo lililoninunua. Injini hizi hazina njia ya oili inayokwenda kwenye nundu za kamshafti, zinategemea matone yanayorushwa na krenkshafti inapozunguka. Ndiyo sababu injini mpya haiachwi sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta. Tapeti yenye tundu inabeba maji yake kisimani. Nilizigeuza zote kumi na sita juu ya meza ya kulia chakula, mume wangu akiniangalia kama nimeingiliwa na pepo, na zote ziliyumba vizuri. Nunua kamshafti na tapeti za nyumba moja, kwa pamoja. Tapeti zilizotumika usizipandishe juu ya kamshafti mpya hata ukipewa bure, zimeshazoea nundu za mwingine.

Ya pili ni Crower wa California, wenye tapeti zilizochongwa njia ya oili ubavuni ili imwagikie nundu. Wazo ni lilelile kwa mlango mwingine. Ningezinunua bila wasiwasi kama za kwanza zingekosekana. Comp Cams nao wanazo zenye tundu la unyayoni, na kamshafti zao waweza kuziagiza zikiwa zimekaushwa uso kwa naitrojeni ili ziwe ngumu zaidi. Bei inapanda, lakini angalau unajua unalipia nini.

Ya tatu ni kuachana na tapeti bapa kabisa na kuweka za roli, zenye kigurudumu kinachobiringika badala ya kusugua. Wengi wataniuliza kwa nini nimeiweka ya tatu wakati ndiyo salama zaidi. Kwa sababu bei unayoiona si bei utakayolipa. Tapeti zenyewe zinafungwa mbilimbili kwa kipande cha chuma na ni ghali. Ni ndefu zaidi, kwa hiyo pushirodi zako za inchi 7.8, vile vijiti vinavyosukumwa na tapeti, hazifai tena, unahitaji fupi kwa karibu nusu inchi, na unapima kwanza, hukisii. Kamshafti ya roli haina ule mshazari wa nundu unaoisukuma nyuma ikae mahali pake, kwa hiyo unahitaji kizuizi mbele, la sivyo itatembea ndani ya bloku. Na kama kamshafti ni ya chuma cha pua ngumu kisichomiminwa, gia ya distribyuta ya zamani italiwa. Lazima uiweke ya shaba au iliyokaushwa maalumu. Vitu vinne vya ziada, na muuzaji alikutajia kimoja. Mwenye pesa na aweke, mimi nitamshangilia.

Njia ya nne haimo kwenye katalogi: yadi ya magari chakavu. GM, wenye Chevrolet, walianza kuweka kamshafti za roli kwenye injini hizi 1987, na pikapu za 1996 mpaka karibu 2000 zenye 350 ya Vortec zinazo tangu kiwandani, pamoja na silinda hedi zinazopumua vizuri kuliko nyingi za zamani. Ukiipata iliyo nzima umepiga hatua kubwa kwa pesa ndogo. Ila kagua hedi kwa makini katikati ya viti vya valvu, zina tabia ya kupasuka hapo, na ujue manifoldi yako ya zamani haitashika boliti zake. Bloku nyingi za aina hiyo pia hazina mahali pa pampu ya petroli ya kusukumwa na kamshafti, utaweka ya umeme. Kwa mpenzi wa uhalisia hii ni dhambi. Namba ya bloku ya zamani, mara nyingi 3970010 nyuma ya injini kwenye zile za 1969 hadi 1979, ndiyo inayomfanya mtu fulani alale usingizi. Mimi bado nina ya kwangu, kwa hiyo namwelewa.

Seti za kamshafti na tapeti za bei ya chee zisizo na jina? Zigeuze. Zikipita, bahati yako.

Sehemu nyingine za injini sitazichambua sana. Beringi nimeweka Clevite, gasketi Fel-Pro, mnyororo wa taimingi Cloyes, pampu ya oili Melling M55 ya kawaida. Ile pampu kubwa kila mtu anakusukumia, na injini ya mtaani haiihitaji. Springi za valvu ndizo naomba uzitilie maanani, maana springi ngumu kupita kiasi inaibana tapeti bapa kwenye nundu na kuiua hata iwe nzuri namna gani. Kama zako ni za mbili, moja ndani ya nyingine, toa za ndani mpaka ngwe ya kwanza iishe.

Oili nayo. Zinki na fosforasi ndizo zilizokuwa zikilinda nundu hizi tangu enzi, lakini fosforasi inaharibu kichujio cha ekzosi cha magari ya kisasa, kwa hiyo kiwango cha oili cha Marekani kiitwacho API SM, cha 2004, kiliipunguza mpaka sehemu 800 kwa milioni kwenye oili nyepesi. Oili ya dukani iliyoandikwa "kwa injini zote" haikuandikwa ikiwaza Nova ya 1972. Nunua oili maalumu ya kuzoeshea injini, paka nundu na nyayo mafuta mazito ya molibdeni, zungusha pampu kwa drili kupitia tundu la distribyuta mpaka oili itoke kwenye roka zote, ile mikono inayobonyeza valvu, hakikisha taimingi imeshawekwa ili iwake mara ya kwanza. Ikiwaka, moja kwa moja mizunguko 2,000 hadi 2,500, ukiipandisha na kuishusha, dakika ishirini hadi thelathini. Mimi yote hayo niliyafanya mara ya kwanza, nikafuata kama dua, na bado nikazika kamshafti. Ndiyo maana nakwambia ni tapeti.

Sasa wauzaji. Niliyenunua kwake ile seti ya kwanza, ambaye sitamtaja, alinijibu kwa sentensi tatu. Sehemu ikishafungwa hairudishwi. Dhamana ni ya kamshafti peke yake. Na je, nina uhakika fundi wangu aliitumia oili sahihi? Fundi wangu! Nikamwandikia kwamba fundi ni mimi. Kimya cha siku nne, kisha akaniomba risiti ya oili. Duka jingine nilipopiga simu kuuliza kama wanaweza kufungua boksi na kuangalia unyayo, kijana aliniuliza kama mwenye gari yupo karibu azungumze naye. Mwenye gari alikuwa ameishika simu, kucha zake zina grisi.

Hapo ndipo ninapokumbuka Gerezani na Kirinyaga Road ya Nairobi kwa uchungu. Tunalalamika kuhusu spea feki za kwetu, na ni kweli zipo, tena nyingi. Lakini muuzaji wa Kariakoo anakufungulia boksi juu ya kaunta, unashika, unageuza, unanusa ukitaka, mnabishana bei, na kesho unajua duka liko wapi. Hapa unanunua picha. Boksi lina bendera ya Marekani, na ndani hujui nani alimimina hicho chuma. Halafu wanakutoza asilimia ya kurudisha mzigo rafuni, kana kwamba tapeti kumi na sita zinahitaji wapagazi. Na bei! Tapeti bapa ziliadimika baada ya 2020, bei ikapanda, kisha zikarudi sokoni na bei ikasahau kushuka.

Mara ya pili nilifanya kitu kimoja zaidi. Kabla ya kufunga vifuniko vya valvu nilichora alama ya rangi nyeupe kwenye kila pushirodi, nikatoa plagi, binamu yangu akazungusha krenkshafti kwa spana taratibu, mizunguko michache tu ili mafuta yasifutike. Mimi nikiwa na tochi. Alama moja ikasogea, ya pili, ya tano, ya kumi na sita. Nilimpigia mjomba kwa video akazitazama zote, akanyamaza kidogo, akauliza kama huku Marekani tunapata muda wa kula.

Zile tapeti za zamani ninazo dirishani, zimejipanga kwenye kopo la maharage. Kumi na tano. Ya silinda ya 5 inazuia mlango wa gereji usijifunge kwa upepo.