Ziara ya majumba ya matajiri Jinja: mbele ni pazuri, ila nendeni kwa sababu ya uani

Kuna watu Kampala wananiuliza kama ile ziara ya kutembea kwa miguu mjini Jinja, huku Uganda kwenye chanzo cha Nile, ya kuonyeshwa majumba ya matajiri wa Kihindi wa zamani, inafaa au ni njia tu ya kula pesa za wazungu. Mi nasema inafaa, ila si kwa kile wanachokitangaza, wacha nieleze.

Bei kwanza. Sisi wa hapa shilingi elfu thelathini za Uganda, mgeni analipa zaidi ya mara mbili, maji unanunua mwenyewe na ukichelewa hawakungoji. Mnaanzia Main Street asubuhi kabla jua halijachoma. Kijana anayetembeza watu amekulia mtaa wa Walukuba, Kiswahili chake ni kile cha kule kwa wafanyakazi wa viwanda, kwa hiyo kama mnakielewa wote mwambieni mapema aachane na Kiingereza, maana kwa Kiingereza anakariri na kwa Kiswahili anasimulia, utadhani ni watu wawili.

Main Street yenyewe wengi wenu mmepita mkikimbilia kuona chanzo cha Nile na hamkuinua macho. Inueni. Chini ni baraza ndefu yenye nguzo, duka baada ya duka, na juu kabisa ukutani kuna jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujenga, mengine rangi imekula herufi nusu. Kuna jamaa kwenye kikundi chetu alianza kununa ati alikuja kuona makasri anaonyeshwa maduka ya simu. Lakini ndo hivyo, tajiri wa huku hakuanzia kwenye kasri, alianzia dukani, analala juu, anauza chini, mzigo uko nyuma. Alidina Visram, yule ambaye jina lake liko kwenye shule kubwa ya Mombasa, alitoka Kutch kule India akafikia Bagamoyo akiwa kijana mdogo, akafanya biashara ya misafara, baadaye maduka yake yakapanda mpaka Uganda, alipokufa 1916 alikuwa mtu mkubwa sana kwenye biashara ya hizi nchi zetu. Wakafuata watu wa sukari, Nanji Kalidas Mehta na kiwanda cha Lugazi 1924, Muljibhai Madhvani na Kakira 1930.

Hapa kijana yuko vizuri kweli, anakuonyesha kwa nini pesa ilikuja kukaa Jinja na si pengine. Pamba ya Busoga, reli ya Namasagali 1912, halafu 1931 daraja la reli juu ya Nile likaunganisha Kampala, halafu 1954 Malkia wa Uingereza akaja kufungua bwawa la Owen Falls na umeme ukaleta viwanda, kile cha nguo cha Nytil na vingine. Pesa zilivyokua ndo wakashuka kutoka juu ya duka wakajenga nyumba kubwa kwenye zile barabara zenye miti, upande wa Nalufenya na kuelekea ziwani. Roshani za mviringo, sakafu za terazo, kuta za matundu za kupitisha upepo. Nzuri mpaka unasikia wivu.

Na hapo ndo shida yangu ya kwanza. Nyumba hizo unaziona kutoka nje tu. Tulisimama getini kama watu waliokuja kudai deni, askari anatuangalia, kijana anaongea haraka haraka halafu twende ingine. Nyingine ni ofisi, nyingine hoteli, nyingine shule, sasa hoteli si wangeongea nao tu tukanywa soda ndani tukaona ngazi? Hiyo wairekebishe.

Njiani anatoa picha alizochapisha za majumba ya New York, na mi nikasema eh, huyu sasa anapotea. Kumbe hapana. Anakuonyesha jumba la Cornelius Vanderbilt wa pili, pesa za reli hizo, pale Fifth Avenue, nyumba kubwa kuliko zote za mtu binafsi zilizowahi kujengwa mjini humo, ikavunjwa miaka ya 1920 na duka la Bergdorf Goodman likakaa hapo, geti lake la chuma ndo leo liko Central Park. Anakuonyesha la William Clark wa shaba, vyumba 121, lilimalizika 1911, yeye akafa 1925, na 1927 likabomolewa zikajengwa ghorofa za kupangisha. Miaka kumi na sita, banange, kuna vibanda vya roleksi, zile chapati za kukunjia mayai, Jinja vimeishi zaidi ya hapo! La Charles Schwab wa chuma cha pua lilikuwa na vyumba 75, likatolewa liwe makazi ya meya, meya La Guardia akalikataa, 1948 likavunjwa. Kule hakuna aliyewafukuza. Kodi ya mapato iliingia 1913, ardhi ya katikati ya mji ikapanda bei, kulipa watumishi wa kufagia vyumba mia na kitu kukawa mzigo, na warithi wakaona heri kuuza.

Huku tarehe 4 Agosti 1972 rais Idi Amin alitangaza Wahindi waondoke, siku 90, na wenye nyumba wakaondoka wakaacha nyumba zimesimama. Mpaka hapo anasimulia vizuri, watu wote kimya. Halafu anasema "baadaye wakarudi", basi, twende mbele. Hiyo siikubali, kwa sababu kati ya kuondoka na kurudi kuna miaka ishirini hivi na ndo miaka ambayo sisi wenyewe tumo. Mali zilikabidhiwa bodi ya serikali, wengine wakapewa nyumba, wengine wakajipa, sheria ya kurudisha ikapitishwa 1982, familia ya Madhvani ikarudi 1985, wengi wakarudishiwa miaka ya 1990, na nyumba nyingi zilizorudishwa zilikuwa na watu ndani. Waliambiwa waende wapi? Kijana hagusi, nadhani anaogopa kuudhi mtu.

Sasa sikilizeni, dawa ya hiyo iko uani na yeye mwenyewe ndo anawapeleka, sijui kwa nini hawaitangazi. Nyuma ya jengo moja la Main Street unapita kichochoro, unatokea kwenye ua wenye boizi kota, vile vyumba vya watumishi, zilizogeuzwa vyumba vya kupangisha, na hapo anakaa jjajja, yaani mzee, mmoja ambaye kijana anamwamkia kwa kupiga magoti kabisa. Akiwa na nafasi anawasimulia jinsi juu kule sebule ya tajiri iligawanywa kwa mapazia wakakaa familia nne, kila moja na sigiri yake ya mkaa. Alitupandisha ngazi tukaona: terazo safi, ya kijani na nyeupe, ina miduara minne myeusi ya moto, kila mduara karibu na dirisha lake. Alisema mwenye nyumba aliporudi aliiangalia ile sakafu muda mrefu, halafu akamuuliza nani alikuwa anapika wapi, na jjajja akamwonyesha mmoja mmoja. Yeye aliachiwa chumba cha uani, wale wengine walitoka. Ile elfu thelathini yangu iliishia pale, hata wasingenionyesha kitu kingine nisingedai.

Kakira haimo kwenye ziara, na kwa watu wanaouza habari za matajiri wa sukari hilo ni pengo, maana iko kilomita chache tu kwenye barabara ya Iganga. Ukiuliza wanasema mpaka ruhusa. Ombeni basi hiyo ruhusa.

Nendeni Jumapili, siku za kazi malori yanashusha mzigo mbele ya baraza na huoni kitu, halafu Jumapili maduka mengi yamefungwa unaona ile milango ya zamani ya mbao. Na msikae sana kuahirisha, tulipita sehemu mbili zimezungushiwa mabati na huko ndani arkedi, yale maghorofa ya maduka, inapanda. Nawapa nne kwa tano. Lipeni kwa simu, noti ya elfu hamsini kijana hana chenji, na jjajja mpe chake mkononi mwake, usipitishie kwa mtu.