Fundi wa Gerezani, Dar, anayeseti geini ya amp ya gari kwa mita ya umeme, sio kwa sikio

Nina gari, Toyota IST, nyuma nimefunga sabufa moja ya inchi 12 na amplifaya ya monobloku (ya chaneli moja), na mwaka huu nimeshaunguza sabufa mbili. Ya kwanza nikasema mbovu. Ya pili ikatoa ile harufu ya koili kuungua tukiwa kwenye foleni Ubungo, vioo juu, kiyoyozi kinafanya kazi, shemeji akaniuliza we gari linaungua au? Fundi aliyenifungia mara zote mbili (simtaji, ana watoto) alikuwa anaseti kwa sikio, anashika bisibisi anazungusha geini (kile kitufe cha kwenye amp) mpaka kioo cha nyuma kinatetemeka halafu anakwambia "hapo sasa boss, mziki mnene".

Safari hii jamaa mmoja wa kazini akanielekeza Gerezani kwa fundi mwingine, ofisi yenyewe ni kibanda tu na mwamvuli. Nikamwambia nataka besi ipande. Akacheka, akasema "kaka, geini sio volyumu, hiyo ni ya kulinganisha redio yako na amp, sauti unaongezea kwenye redio." Sikumuelewa mpaka nilipoona anavyofanya.

Akaniambia niache gari linaunguruma ili umeme usishuke. Akachomoa waya za sabufa na za spika za milango, geini akairudisha chini kabisa, besi busti akazima, ikwalaiza yote akaiweka sifuri, halafu redio akapandisha mpaka 30 kati ya 40. Akachomeka flashi yenye mlio mmoja wa hezi 50. Hesabu akaandika kwenye kiganja, amp yangu ni wati 400 za kweli kwa omu 4 za ukinzani wa sabufa (sio zile 1,200 za kwenye boksi, zile ni za kuuzia), 400 mara 4 ni 1,600, kipeuo chake cha pili ni 40, kwa hiyo mita aliyoigusisha kwenye amp pale waya za sabufa zilipotoka ikisoma volti 40 AC anaacha. Basi mimi nimechuchumaa pale kwenye buti, kimya, husikii chochote, namba tu zinapanda 12, 25, 33, anazungusha taratibu kama anafungua sefu, 38, 40, akatoa bisibisi. Akapaka tone la tipeksi pale kitufe kilipoishia.

Unajua kimeishia wapi? Hata nusu hakijafika! Yule wa kwanza alikuwa anakiweka karibu na mwisho. Nikauliza sasa kilichokuwa kinaunguza ni nini, akasema ukizidisha amp inaishiwa nguvu, wimbi linakatwa kichwa, na likishakatwa amp inamwaga wati nyingi kuliko zilizoandikwa, koili ndo inapokea joto lote. Na mi nilikuwa naona ile sauti ya kukwaruza ndo besi yenyewe jamani.

Sauti sasa ni safi, ngoma inapiga inaacha, haivumi vumi. Ila nyimbo za zamani, hasa taarabu za mama, zimerekodiwa chini kwa hiyo inabidi niende mpaka 33 hivi, fundi alishaniambia itakuwa hivyo na kwamba kwa bongofleva na singeli nisivuke 30.

Mabaya yapo. Nimefika saa nne nikahudumiwa saa nane, hana kiti cha wateja, vumbi lote la pale ni lako, na risiti usiulize. Alinitoza elfu thelathini kwa kuseti tu, mwanzoni niliona ananipiga, ila sabufa yangu mpya ni zaidi ya laki mbili.

Huu ni mwezi wa tatu tangu aiseti, bado inapiga. Juzi mdogo wangu alifungua buti na bisibisi mkononi eti aongeze kidogo, nikamuonyesha tipeksi, akafunga buti mwenyewe.