Basmati kwenye presha kuka ya umeme: uzoefu wangu hapa Wete, Pemba

Nimepikia makaa miaka mingi, baadaye gesi, na sasa jikoni kwangu presha kuka ya umeme ya lita 6 ndiyo inayopika wali karibu kila siku. Naandika kwa sababu naulizwa sana, na kwa sababu nasikia jiko hili likisemwa vibaya: eti wali hutoka mashendea, eti basmati humo haifai. Inafaa, na inachambuka punje kwa punje. Sharti lake ni kwamba maji uyapime kwa hesabu ya chungu kilichozibwa, usiyapime kama ya sufuria.

Sufuria hata ukiifunika inapoteza mvuke tangu maji yanapochemka mpaka unapopalia makaa juu. Ndiyo maana tumezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Mengi katika hayo hayaingii kwenye punje, yanapotea hewani. Kwenye presha kuka mvuke hauna pa kutokea. Kidude cha juu ya mfuniko kikishapanda kikaziba, maji uliyotia ndiyo mchele utakayoyanywa, yote. Mtu akitia viwili kwa kimoja halafu akalaumu jiko, analionea.

Mimi natia kikombe 1 cha maji kwa kikombe 1 cha mchele uliokoshwa. Nikiuroweka dakika 20 hadi 30, maji yanashuka hadi robo tatu ya kikombe, maana mchele umeshakunywa kabla haujaingia jikoni. Mchele unapimwa ukiwa mkavu, kabla ya kuroweka. Na kikombe kiwe kilekile kwa vyote viwili. Kile cha plastiki kinachokuja na jiko kwa kawaida ni cha mililita 180 hivi, na kikombe cha nyumbani kinaweza kufika 250. Ukipimia mchele kimoja na maji kingine, hesabu imeshavurugika hapo hapo.

Kukosha kusiwe kwa haraka. Basmati inakuja na vumbi jeupe la wanga linalotokana na punje kusuguana zenyewe ndani ya gunia, na vumbi hilo likiingia kwenye chungu kilichofungwa linageuka gundi. Kosha kwa mkono mwepesi, badilisha maji mpaka uione mistari ya kiganja chako chini ya maji. Kisha uache mchele kwenye chujio dakika chache udondoke vizuri. Maji yanayobaki kati ya punje nayo ni maji, yanahesabika.

Kitufe cha wali situmii. Kwenye jiko langu kinaweka dakika 12, na basmati nyembamba haitaki dakika zote hizo. Naweka presha kubwa, dakika 4, na mchele uliorowekwa dakika 3. Ukisikia dakika 4 usidhani umeshakula: kuna muda wa jiko kupata moto kabla, na muda wa kusubiri baada. Huko kusubiri ndiko wengi wanakokuruka. Ndani ya chungu joto linapita nyuzi 110, na maji yaliyomo ndani ya punje yamezuiwa na presha yasichemke. Ukifungua mvuke ghafla, presha inaporomoka na maji yale yanachemka yote kwa pamoja: punje zinapasuka, povu la wanga linatoka na mvuke na kuchafua mpaka ukuta. Liache jiko kama lilivyo dakika 10, ndipo utoe mvuke uliobakia. Ukifunua, mfuniko uinue kwa kuulaza upande wa pili, kwa sababu chini yake umejaa matone, na hayo yakiangukia wali yanaloanisha tabaka la juu. Wali uliopika sawa unauona kabla ya kuugusa: juu una vitundu vidogo vya mvuke, na punje nyingine zimesimama wima. Usiukoroge. Ingiza upawa pembeni, inua kutoka chini, geuza, basi.

Sasa wali wa nazi, maana kwetu Pemba wali mweupe wa maji ni chakula cha mgonjwa. Hapa presha kuka inataka adabu yake. Tui zito likitiwa mwanzo linatuama chini, linashika, na jiko likihisi chini kunaungua linakata moto lenyewe na kutoa onyo kwenye kioo. Unafungua, unakuta mchele nusu mbichi. Kwa hiyo nalitenga tui mara mbili, kama walivyofanya mama zetu: kasimile, yaani tui zito la kwanza, naiweka pembeni, kisha chicha naitia maji ya uvuguvugu na kuikamua tena nipate kupopoo, tui jepesi. Kupopoo ndiyo inayoingia kwenye presha badala ya maji, pamoja na chumvi na hiliki mbili tatu. Kwa vikombe 2 vya mchele uliorowekwa natia kupopoo kikombe 1 na robo, naacha nafasi ya kasimile robo kikombe. Wakati jiko linasubiri zile dakika 10, kasimile naipasha kwenye kisufuria huku nakoroga mpaka ianze kutokota. Nikishafungua naimwagia juu kwa kuzungusha, nafunika tena bila kuziba, naacha kwenye moto mdogo wa kuweka chakula kisipoe dakika 5 au zaidi kidogo. Wali unang'aa, unanukia nazi mpya, na bado punje haishikani na mwenziwe. Kwa maoni yangu unashinda ule wa kutia tui lote mwanzo, hata kwenye sufuria.

Mavyaa wangu aliuonja akasema, "Wali mzuri, mwanangu. Ukoko uko wapi?" Ana haki. Ukoko haupatikani humu, wala ile harufu ya moshi ya makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko. Nyumba inayogombania ukoko isiuze seredani yake, jiko la makaa.

Pilau nayo inakubali. Vitunguu navikaanga humohumo kwenye kitufe cha kukaangia mpaka viwe rangi ya pilau ya kwetu, kisha thomu, tangawizi, bizari ya pilau, mdalasini, karafuu na pilipili manga nzima. Jambo moja lisisahaulike: ukitia supu, kwangua chini kwa mwiko wa mbao mpaka usisikie kitu kimeshika. Kitunguu kilichogandia chini ndicho kinacholeta lile onyo. Nyama inatangulia peke yake, dakika 20 hadi 25 kwa ng'ombe, halafu naitoa supu yote nje naipima kikombe kwa kikombe kama maji. Mchele unalala juu ya nyama, mbatata zilizokatwa mbilimbili, supu juu yake, na hapana kukoroga tena. Biriani sipiki humu. Mchele wake unachemshwa kwa maji mengi na kumwagwa maji punje zikiwa bado na kiini, na kazi hiyo sufuria inaiweza vizuri zaidi.

Mchele wenyewe uchague. Basmati iliyokaa ghalani mwaka au zaidi imekauka, haishikani, na ikiiva inarefuka karibu mara mbili ya urefu wake. Chukua punje chache kiganjani dukani uangalie kama ni ndefu na nzima. Zikiwa nyingi zimevunjika, wanga utakuwa mwingi hata ukosheje. Ile ya manjano iliyochemshwa kabla ya kukobolewa inataka maji na dakika zaidi, usiipikie kipimo hiki. Mchele wa mapembe nao una hesabu zake.

Kuhusu uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, jiko langu ni la wati 1,000. Hata lingewaka mfululizo dakika 25 lisingefika nusu uniti, na haliwaki mfululizo. Likishapata presha linawaka na kuzima. Nikilinganisha na makaa ya siku hizi, sina la kujadili. Umeme ukikatika katikati usishike mfuniko. Chungu kimezibwa na joto limo ndani, na kama presha ilikuwa imeshapanda, mara nyingi wali unaiva hivyohivyo kwa joto lililobaki. Subiri kidude kishuke chenyewe.

Mwezi wa Ramadhani kitufe cha kuchelewesha kinashawishi, utie kila kitu usiku ukute wali wa daku umeiva. Kwa wali wa nazi sikishauri. Kwa joto letu tui likikaa masaa ndani ya chungu linachacha, na mchele wenyewe unaroweka kupita kiasi.

Mpira wa mfuniko unabeba harufu. Ukipika pilau leo, kesho uji wa mtoto utanukia bizari. Uvue kila ukiosha, uuanike penye upepo, na ukiweza uwe nao miwili, mmoja wa pilau na mmoja wa vitu vyeupe. Usijaze chungu kupita nusu unapopika mchele, kwani unavimba na kutoa povu linaloweza kuziba njia ya mvuke. Kwa hiyo lita 6 ni jiko la watu wa nyumba moja, na shughuli ikifika masufuria yatoke. Waya wake usiuchomeke kwenye ekstensheni nyembamba.

Duka nililonunulia halikuwa na mpira wa akiba, na chungu cha ndani cha jiko walilotaka kunipa kwanza kilikuwa cha kupakwa rangi nyeusi, kile ambacho mwiko wa chuma unakikwangua mara moja. Nikangoja walete cha chuma kisichoshika kutu. Wewe uliza yote mawili kabla hujatoa pesa, na ufungue boksi hapohapo dukani uangalie kama kikombe, upawa na kidude cha mvuke vimo.